Kidude cha kupima spidi ya gongo tumenunua, je na vikorombwezo vyake vyote ninunue?

Habari za majukumu kaka kocha, poleni na baridi. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Morogoro ila tuko Columbus, Ohio, miaka mingi sasa. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, yuko gredi ya nane, anacheza besiboli tangu akiwa mdogo kwenye Little League ya mtaani kwetu na sasa yuko kwenye timu mojawapo ya hizi za kusafiri safiri kila wikendi. Mwakani anaingia haiskuli na ndoto yake yote ni kupita mchujo wa timu ya shule. Kaka, mimi na baba yake huu mchezo hatukukua nao, sisi ni watu wa Simba na Yanga, kwa hiyo chochote makocha wanachosema tunapokea tu, hatujui kipi cha kweli na kipi biashara.

Krismasi baba yake alimnunulia kile kidude cha Blast kinachovalishwa kwenye kitako cha gongo, akipiga kinatuma spidi kwenye simu. Mtoto alifurahi mno, alilala nacho. Shida imeanza baada ya hapo. Ukiingia mtandaoni kutafuta kitu kimoja unaletewa vya kuongezea havina mwisho, na yeye ameshaniwekea kwenye kapu la manunuzi: soksi za mpira za akiba, soksi nyingine ya gongo lenye mpini wa shoka, chaja ya pili, kipochi, ile pete nzito ya kuvalisha gongo wanaita donati, seti ya magongo matatu ya mazoezi mazito na mepesi, rada ya kupima spidi ya mpira, stendi ya simu, tii mpya (kile kijiti cha kuwekea mpira ili aupige), wavu, na kulipia apu mwaka mzima. Nimejumlisha nikakuta ni hela iliyozidi bei ya kidude chenyewe mara kadhaa. Mimi nalea wazee zamu ya usiku, baba yake anaendesha lori, na nyumbani kuna mama anasubiri hela ya dawa kila mwezi.

Jingine ni kwamba namba zenyewe hazieleweki. Leo inasoma 58, kesho 66, jioni hiyo hiyo inarudi 60, mtoto ananuna hata chakula hataki. Kocha mmoja alimwambia kama hafiki maili 70 kwa saa haiskuli asahau. Tangu siku hiyo kila jioni yuko garaji na donati aliyoazimwa na mwenzake, anazungusha gongo mpaka mimi naondoka kwenda kazini bado anazungusha. Na sasa ni wiki ya tatu analalamika kiuno, upande mmoja, akijikunja kwenda nyuma ndio zaidi, anasema ni misuli tu itazoea.

Gongo lake la sasa ni inchi 31 aunsi 23. Lile la zamani la Little League bado lipo garaji, inchi 29 aunsi 19. Kidude anakihamisha humo humo na kwenye magongo ya wenzake pia. Baba yake anasema tununue vyote tumalize maneno, mtoto asije akatulaumu baadaye. Mimi roho inasita. Nisaidie kaka, ninunue kipi nifute kipi, na mtoto nimwambieje bila kumvunja moyo?

Mama wa mpigaji, Columbus

*

Dada yangu, asante kwa kuandika na hongera kwa kumlea kijana kwenye mchezo ambao hamkukua nao, najua ilivyo kukaa kwenye viti vya uwanja unapiga makofi huku hujui kwa nini watu wanapiga makofi. Kapu la manunuzi tutalifikia, ila naomba tuanze na kiuno maana hicho hakiwezi kusubiri mpaka tumalize mambo ya hela.

Mtoto wa miaka 13 mwenye maumivu ya kiuno upande mmoja, wiki ya tatu, yanayozidi akijikunja kwenda nyuma, anatakiwa kuonwa na daktari wiki hii. Watoto wanaokua wakirudia rudia kuzungusha kiuno na kukikunja nyuma, wapiga besiboli, wa jimnastiki, warushaji wa kriketi, wanaweza kupata kaufa kwenye mfupa wa uti wa mgongo pale chini, kaufa kanakotokana na uchovu wa mfupa tu, hakuna hata siku aliyoanguka. Sisemi ndicho alichonacho, mimi si daktari na sijamwona. Nasema dalili ulizoandika ndizo zinazowafanya madaktari watake kuangalia hicho kitu, na kikiwahiwa mara nyingi kinapona kwa kupumzika, kikiachwa ndio kinakuja kula misimu mizima. Mpigie daktari wake wa watoto umwambie maneno hayo hayo uliyoniandikia, upande mmoja, akijikunja nyuma, anazungusha gongo kila siku. Na mpaka aonwe asishike gongo kabisa, si la kwake si la donati. Akibisha mwambie kocha wa kwenye gazeti kasema, nikasirikie mimi.

Na hapo hapo tumeshafika kwenye donati yenyewe, hiyo ifute kwenye kapu na ile ya kuazima irudi kwa mwenyewe. Hii pete ilienea miaka ya 1960 kwa jina la Elston Howard, mdakaji wa timu ya Yankees ya New York, na mpaka leo utawaona watu wazima wa ligi kuu wakiwa nayo pembeni wakisubiri zamu yao, kwa hiyo mtoto akiiona kwenye TV anaamini ndiyo siri. Ukishaitoa gongo linahisi jepesi kama fimbo ya kuchungia mbuzi, ila watu walipopima walikuta hisia hiyo inadanganya. Coop DeRenne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walichapisha utafiti mwaka 1992 wakilinganisha vitu vizito na vyepesi vya kupashia mwili moto, na waliotoka kwenye donati spidi yao ilishuka badala ya kupanda, waliofanya vizuri ni wale waliopasha na kitu kinachokaribiana uzito na gongo lao. Maana yake ukiweka uzito wote kule mbele gongo linazunguka kwa njia nyingine, mikono inachelewa, mwili unajifunza mwendo ambao si wa kupigia mpira. Tena Little League kwenye kanuni zao hiyo donati ya kizamani hairuhusiwi kabisa. Sasa mtoto anayekua anaizungusha jioni nzima kila siku, hicho kiuno kingesemaje?

Sasa namba. Kupanda na kushuka kati ya 58 na 66 kumekutisha lakini kwa ulivyoeleza mimi naona kunaeleweka. Hicho kidude hakioni kichwa cha gongo, kiko huku kitakoni, kinachojua ni jinsi kitako kinavyozunguka, halafu apu ndiyo inapiga hesabu kwamba ikiwa huku kunazunguka hivi basi kule mbele, inchi 6 kutoka nchani pale mpira unapotakiwa kugonga, spidi ni fulani. Kwa hesabu hiyo lazima ijue gongo lina urefu gani, ndio maana unapoanza inakuuliza urefu na uzito. Kijana wako anahamisha kidude kutoka la inchi 31 kwenda la 29 kwenda la mwenzake, kama hajabadilisha kwenye apu basi inapiga hesabu ya gongo ambalo halipo mkononi. Kutoka kitakoni mpaka pale pa kupigia ni inchi 25 kwenye gongo lake la sasa na 23 kwenye la zamani, tofauti hiyo peke yake inatosha kuongeza maili kadhaa za uongo, na juu yake gongo jepesi lenyewe linakwenda kasi zaidi kwa kweli. Kwa hiyo ile 66 iliyomfurahisha nadhani ilitoka kwenye gongo la zamani.

Dawa yake ni bure. Kila gongo aliandikishe kwenye apu kivyake, na akihamisha kidude abadilishe kwanza ndipo apige. Namba anayoifuatilia iwe ya gongo moja tu, mpira ukiwa juu ya tii, tii ikiwa kimo kile kile, akiwa ameshapasha mwili. Asilinganishe ya kwenye tii na ya siku anarushiwa mpira na binadamu, pale anapochelewa au anapowahi spidi inabadilika na si kosa la kidude wala lake. Na asiangalie pigo moja moja, achukue wastani wa mapigo kama kumi aandike kwenye daftari mara moja kwa wiki basi. Mtoto anayekagua simu baada ya kila pigo anaanza kupigia simu, anasahau mpira.

Kitu cha pili kinachoyumbisha namba ni ile soksi ya mpira, na hapa ndipo nakuambia nunua. Soksi ikilegea kidude kinacheza cheza mle ndani na kikicheza hakisomi vizuri, na mpira wa namna ile ukivutwa kuvaa na kuvua kila siku lazima utalegea au utachanika pembeni. Fanya hivi: mwambie achukue kalamu ya maka achore kamstari kadogo kaanzie kwenye soksi kamalizikie kwenye mpini wa gongo, halafu apige mara kumi. Kamstari kakiwa bado kamenyooka soksi ni nzima. Kakiwa kamekatika, kipande cha soksi kimeenda kulia na cha mpini kimebaki, soksi imekwisha au haikuvutwa mpaka mwisho. Akiba ya moja inatosha. Ile ya mpini wa shoka futa, hana gongo la namna hiyo, siku akinunua ndio mtaagiza. Na kwenye mechi kidude kitoke, au muulizeni kwanza msimamizi wa ligi kama kinaruhusiwa, isije siku ya mchezo refa akaanza kubishana na mtoto kuhusu kilichovalishwa kwenye gongo lake.

Kuhusu hiyo 70, huyo kocha sijui alikuwa anatania au alikuwa anataka kumpandisha mori, ila tuiweke mahali pake. Ligi kuu ya Marekani ilianza kutoa hadharani takwimu za spidi ya magongo Mei 2024, na wastani wa wale watu wazima wanaolipwa mamilioni ni kama maili 72 kwa saa. Kuanzia 75 wanaihesabu ni pigo la kasi, na mwaka huo Giancarlo Stanton wa Yankees ndiye alikuwa juu kabisa akipita 80. Vipimo vya uwanjani na vya kidude cha garaji havifanani moja kwa moja, lakini unaona kumwambia mtoto wa miaka 13 kwamba bila 70 asahau ni kumweka jirani na watu wa aina gani. Halafu kuna Luis Arraez. Huyu gongo lake ni kati ya yale ya taratibu kuliko yote kwenye ligi nzima, linacheza kwenye 62 na 63, na ndiye aliyechukua taji la mpigaji mwenye wastani bora wa mapigo yanayofanikiwa miaka mitatu mfululizo, 2022 akiwa Minnesota, 2023 akiwa Miami, 2024 akiwa San Diego, timu tatu tofauti. Kwa nini? Kwa sababu mpira unagonga pale panapotakiwa karibu kila mara. Spidi ina faida kubwa, sitaki kijana aidharau, ila mwonyeshe video za Arraez aone kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kufika juu.

Tuje kwenye seti ya magongo matatu, ndiyo yenye bei kubwa na ndiyo nina mengi ya kusema. Wazo lenyewe la kufanya mazoezi na zito kidogo na jepesi kidogo ni zuri, si uongo wa wauzaji, huyo huyo DeRenne alipolifuatilia kwa wiki 12 alikuta linaongeza spidi, tena kwa tofauti ndogo tu, kama asilimia 12 juu na chini ya uzito wa kawaida. Seti nyingi za dukani zinakwenda mpaka kama asilimia 20. Sasa chukua kalamu tuangalie garaji lenu. Gongo lake ni aunsi 23. Lile la zamani ni 19, yaani jepesi kwa asilimia kama 17. Jepesi mnalo tayari, halidaiwi hata senti.

Zito je? Hapa kuna jambo ambalo nadhani hakuna aliyewaambia. Akiingia haiskuli hilo gongo la aunsi 23 hataruhusiwa kulitumia. Haiskuli tangu 2012 wanatumia kiwango kinachoitwa BBCOR, na moja ya masharti ni kwamba ukichukua namba ya urefu kwa inchi ukatoa namba ya uzito kwa aunsi, tofauti isizidi tatu. La kwake 31 kutoa 23 ni nane. Gongo la BBCOR la inchi 31 litakuwa aunsi 28. Aunsi tano zaidi, zaidi ya asilimia 20. Umeona? Gongo ambalo lazima mtalinunua kwa ajili ya mwakani ndilo hilo hilo gongo zito la mazoezi. Ukinunua seti leo utanunua na BBCOR baadaye, ukinunua BBCOR sasa umemaliza vyote viwili kwa mkupuo, na kijana atakuwa na miezi ya kulizoea wakati wenzake wanalishika mara ya kwanza wiki ya mchujo na kushangaa kwa nini mikono imekuwa mizito. Kwa mimi hicho ndicho kikorombwezo cha kwanza, kabla ya vyote vilivyomo kwenye kapu, na sioni hata kama amekiweka.

Muandaeni pia kwamba namba zitashuka. Spidi itashuka kwa sababu ya uzito, na mpira wenyewe utatoka taratibu zaidi, maana BBCOR imewekwa makusudi kupunguza ile kurusha ya ukuta wa gongo, chuma kisiutupe mpira kuliko mti unavyoutupa. Asiyejua hili anadhani ameharibika ghafla.

Kwenye kununua angalia mhuri wa BBCOR .50 kwenye gongo lenyewe, usiridhike na maneno ya muuzaji. La aluminiamu la kipande kimoja linatosha kabisa, mara nyingi ni nafuu kuliko yale ya kompositi, yaani ya nyuzi za kaboni, na kwa baridi yenu ya Ohio ni bora maana kompositi likipigishwa kwenye baridi linapasuka, watengenezaji wenyewe wanashauri lisitumike ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi za selsiasi. La mitumba si dhambi, lipitishe kidole mwili mzima utafute ufa, litikise usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Inchi 31 au 32 aamue akilishika dukani kwa mkono wake, mtoto wa umri huo anarefuka huku unamwangalia.

Daktari akisharuhusu, na nasisitiza akisharuhusu, mazoezi yenyewe ni mafupi kuliko anavyofikiri. Siku mbili tatu kwa wiki zisizofuatana, mapigo matano ya zito, matano ya jepesi, matano ya lake, apumzike, arudie mara moja au mbili, kila pigo kwa nguvu zote kama kuna mtu kwenye besi ya tatu anasubiri kuletwa nyumbani. Spidi ikianza kushuka anaacha, hata kama mapigo yamebaki. Kuzungusha mpaka mama anaondoka kwenda zamu kunamfundisha mwili kuzungusha akiwa amechoka, na mwili uliochoka unafanya taratibu. Hapo ndipo kidude kinapofaa kweli, kinakuambia lini uache.

Rada. Hiki ni kifaa kizuri na nakipenda, ila bei yake inazidi kidude chenyewe kwa hiyo tusikimbilie. Faida yake ni kwamba inapima mpira unapotoka, na mpira hausemi uongo. Kwa gongo zuri na mpira uliokaa juu ya tii, ukigongwa pale pale panapotakiwa unatoka na spidi kama mara 1.2 ya spidi ya gongo, kwa hiyo gongo likienda 60 mpira utoke kwenye 72 hivi. Gongo likisoma 62 na mpira ukatoka 55 unajua moja kwa moja kwamba shida haikuwa nguvu, aligonga vibaya. Muulizeni kocha wa timu, timu nyingi za kusafiri zinayo moja ya pamoja, mwazime jioni moja kwa mwezi inatosha. Na mkiiazima ikae nyuma ya wavu kwenye mstari ule ule mpira unaokwenda, ikikaa pembeni inasoma pungufu, kwa pembe ya nyuzi 20 inakula asilimia 6, kwa 30 inakula 13, na mtoto atanuna tena bure.

Tii na wavu, hapo toa hela kwa roho safi. Kama tii yake ya sasa inasimama wima na haishuki yenyewe katikati ya mazoezi basi ibaki, ila wavu kama hamna ni lazima, mpira wa besiboli una gramu kama 145 na ni mgumu, kwenye garaji lenye gari na kopo za rangi si salama hata kidogo. Anayepiga kwenye wavu anagonga mpira, anayezungusha hewani kama alivyokuwa anafanya na donati hajui kama angegonga au angekosa.

Yaliyobaki ni mepesi. Stendi ya simu usinunue, ukiwa na ile ya taa ya duara ambayo watoto wanarekodia video inafanya kazi hiyo hiyo, iwekwe inatazamana na kifua chake na iwe nyuma ya wavu. Chaja ya pili ya nini wakati ya kwanza ipo, ila msikiache kidude kwenye gari usiku wa baridi na msikichaji kikiwa bado kimeganda, betri za namna hii kuchajiwa chini ya sifuri zinaharibika, kiache ndani kipate joto kwanza. Kipochi, soksi safi ya mguu inatosha. Apu, someni kwanza mnachopata bila kulipia, kama spidi ya gongo na pembe ya gongo linavyoufuata mpira vinaonekana basi kwa umri wake hivyo ndivyo anavyovihitaji, na kama mtalipia chagueni ya mwezi mwezi ikiwepo, maana sasa hivi kiuno kinamweka nje na hakuna sababu ya kulipia miezi ambayo hapigi.

Kwa hiyo kwenye kapu inabaki soksi moja, wavu kama hamna, halafu BBCOR ambayo haikuwemo. Shemeji mwambie hoja yake ya kuogopa lawama naielewa, baba yeyote anaielewa, ila aende na kijana dukani siku ya kushika magongo, wakae humo hata saa zima wajaribu moja moja, hiyo mtoto ataikumbuka kuliko boksi lililoachwa mlangoni. Na kijana umwambie hivi hivi nilivyoandika, msomee, usimpunguzie kitu. Ana miaka 13, hesabu ya 23 na 28 anaielewa vizuri tu na akishaielewa atajua mama hakumnyima, amemwongezea.

Akitoka kwa daktari niandikie amesema nini. Kama amepewa wiki za kupumzika nitakutumia mazoezi ya macho na miguu anayoweza kuyafanya bila kushika gongo, kwa yale ambayo daktari ameruhusu, na uniambie anapiga kwa kulia au kushoto.